Nyimbo za Kilio Mbele ya Watu: Mfano wa Kamina



Vijana wa hapa Mutshatsha wameomba chama kiwasaidie kucheza teatri ya kuimbwa toka mwanzo mpaka mwisho, juu ya vita ya siku 80 ya mwaka 1977 na safari ya kukimbilia Angola. Hakuna masemi, ni sauti na ngoma tu. Kwenye mkutano wazee wamoja walikataa: «Hizi ni nyimbo za kilio, hatuwezi kuzicheza mbele ya batu.» Neno hilo ni zito. Tusilijibu haraka, tutazame kwanza historia ya Katanga yetu.

Kutoka kwetu kwa treni unapita Kolwezi, unafika Tenke, ndipo unapanda mpaka Kamina. Pale, tarehe 23 mwezi wa tatu 1958, iliimbwa kwa mara ya kwanza Missa Luba. Waimbaji walikuwa watoto wa masomo wapata 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapata 15. Hakuna aliyeishi kwa kuimba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ndiye aliyewakusanya. Mwalimu Joachim Ngoi alishika sauti ya kwanza. Kundi liliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin.

Maneno ni Kilatini cha misa, lakini sauti ni za huku. Na hapa ndipo wazee wetu watege sikio: «Bwana utuhurumie» ilijengwa juu ya kasala, wimbo wa kuomboleza wa Waluba. «Mtakatifu» ilitoka katika wimbo wa kuagana. Kumbe kilio kilikwisha kuimbwa mbele ya watu, tena kanisani! Wala hawakuanza na karatasi ya noti. Walipatana juu ya sauti, kisha kila mmoja akaongeza yake.

Mwaka huohuo walizunguka Ulaya, wakaimba hata kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Diski yao ilienda mbali. Mwaka 1968 filamu moja ya Uingereza, If...., ilitumia «Mtakatifu» yao.

Kuhusu namna ya kutunga, tena tunao Mufwankolo na wenzake wa Lubumbashi, waliochekesha watu redioni na kwenye televizyo kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya methali ya kwamba mamlaka huliwa nzima. Walijadili kisa, wakakigawa vipande, kila mchezaji akajitafutia maneno. Kwa hiyo vijana wetu hawahitaji kununua kitabu. Wanachoomba ni ngoma, nguo na chakula cha siku za mazoezi, njo vile.

Sisi tunaunga mkono ombi lao, ila kuna jambo moja la Kamina linatuuma. Leo ukitafuta Missa Luba, jina unalokuta mbele ni la padri. Wale watoto wanaitwa «kundi» tu, na ndio walioleta sauti.

Hivyo tunapendekeza kwa komite: kabla ya mazoezi, karani aandike majina ya waimbaji wote, na ya kila mama aliyetoa wimbo wake. Na hao mama waliorudi na nyimbo hizo kutoka Angola waulizwe wao wenyewe: upi uimbwe, na upi ubaki nyumbani.