Minyororo na Dawa: Habari za Uuguzi wa Wagonjwa wa Akili

Wengi wasomao historia ya utabibu hufundishwa kwamba daktari Philippe Pinel ndiye aliyewafungua minyororo wagonjwa wa akili wa Ufaransa. Picha mashuhuri ya Tony Robert-Fleury, iliyochorwa mwaka 1876, yamwonyesha amesimama katika ua wa hospitali ya Salpêtrière, na mwanamke mmoja akifunguliwa mbele yake. Picha ni nzuri, lakini haimtendei haki mtu aliyetangulia kuifanya kazi hiyo.

Mtu huyo ni Jean-Baptiste Pussin, wala hakuwa daktari. Aliingia hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu cha tezi. Alipopona akaajiriwa humo, na mwaka 1784 akawekwa kuwa msimamizi wa wanaume waliohesabiwa kuwa na wazimu usioponyeka. Yeye na mkewe Marguerite waliishi karibu nao na kuwatazama kila siku. Aliwakataza watumishi kuwapiga wagonjwa, na aghalabu aliwachagua watumishi wenyewe miongoni mwa waliokwisha kupona, maana hao waliujua uchungu wa hali ile. Pinel alipofika Bicêtre mwaka 1793 alijifunza mengi kwake, wala hakuona haya kuyaandika. Mwaka 1797, Pinel akiwa amekwisha kuhamia Salpêtrière, Pussin aliondoa minyororo ya Bicêtre. Waliokuwa wakali mno aliwavika koti la kufunga mikono. Kifungo hakikwisha, ila kilipunguzwa.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na walinzi wa zamani waliifuata kanuni hiyo. Pussin aligundua kwa kutazama tu kwamba ukali mwingi wa mgonjwa huzaliwa na ukali anaotendewa. Huu ndio msingi wa kwanza wa uuguzi wa akili, nao ulipatikana kabla ya dawa.

Dawa ilikuja baada ya karne moja na nusu. Mwishoni mwa mwaka 1950 mkemia Paul Charpentier, wa kampuni ya Rhône-Poulenc, alitengeneza kloropromazini. Henri Laborit, mpasuaji wa jeshi la majini, aliona kwamba wagonjwa walioipata hutulia bila kupoteza fahamu. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, kwa wagonjwa wenye fadhaa na kuweweseka. Wadi zilizojaa makelele zikatulia, na watu waliokuwa hawasemezeki wakaanza kuzungumza.

Je, mwuguzi alipungukiwa na kazi? La, kazi yake ilizidi. Dawa ile ile iliyotuliza akili iliweza kuushusha msukumo wa damu, mgonjwa akainuka kitandani na kuanguka. Iliweza kukakamaza viungo na kutetemesha mikono. Ilifanya ngozi iungue upesi juani. Na kwa walioitumia miaka mingi, ulimi na midomo vikaweza kuchezacheza bila hiari. Hata baadhi ya wauguzi walioishika walipata vipele mikononi. Lithiamu nayo, ambayo John Cade wa Australia alitangaza faida yake mwaka 1949, ina mpaka mwembamba kati ya kipimo cha kuponya na kipimo cha sumu: mgonjwa akitapika au akiharisha na kupungukiwa maji, inaweza kuzidi katika damu. Daktari huandika dawa na kwenda zake. Aonaye mtetemeko wa alfajiri ni yule aliyekesha.

Tena dawa yaweza kugeuka mnyororo usioonekana, ikitolewa ili wadi inyamaze na si ili mtu apone. Utulivu wa mgonjwa si ushahidi wa afya yake. Sharti aulizwe, asikilizwe, aelezwe anachomeza na sababu yake.

Hata leo, katika nchi nyingi, wapo wagonjwa wa akili wafungwao minyororo. Kuwapelekea vidonge ni wajibu. Lakini vidonge pasipo mtu wa kukaa nao na kuwatazama, kama walivyofanya Pussin na Marguerite, ni nusu ya tiba.