The Magic Garden: Albamu iliyopita kimya, wimbo wake ukawatajirisha wengine

Ukitaja The 5th Dimension, wengi hukumbuka Up, Up and Away, ule wimbo wa puto, au Aquarius/Let the Sunshine In uliokaa namba moja Marekani kwa wiki 6 mwaka 1969. Kati ya hizo mbili kuna albamu ambayo haikuingia hata 100 bora za Billboard. Inaitwa The Magic Garden, ilitoka mwishoni mwa 1967, na ndiyo kazi yao nzito kuliko zote.

Kundi lilikuwa na waimbaji watano weusi wa Los Angeles: Marilyn McCoo, Florence LaRue, Billy Davis Jr., Lamonte McLemore na Ron Townson. Davis alikulia kwenye gospel ya St. Louis, Townson alikuwa na mafunzo ya opera. Wakiimba pamoja, sauti zinapandana mpaka unashindwa kujua nani ni nani.

Nyimbo ziliandikwa na kijana wa miaka 21, Jimmy Webb, mzungu mtoto wa mchungaji kutoka Oklahoma. Zote ni zake isipokuwa Ticket to Ride ya The Beatles, ambayo imekaa pale katikati kama mgeni aliyekosea mlango. Webb ndiye pia aliyepanga okestra. Prodyuza alikuwa Bones Howe, na kwenye ngoma alikaa Hal Blaine, mpigaji aliyekuwa akitafutwa na kila studio ya mji huo.

Albamu ni hadithi moja. Inaanza penzi likiwa bichi, inaishia likiwa limekufa. Lakini usitegemee muziki wa kilio. Fidla zinajaa, tarumbeta zinaingia kwa shangwe, na uchungu umevalishwa nguo za harusi. Carpet Man inachangamka kabisa, kumbe ni habari ya mwanamume anayekubali kukanyagwa na mwanamke kama zulia. Paper Cup nayo unaweza kuichezea, wakati anayeimbwa ameshakata tamaa na maisha.

Nyimbo hizo mbili zilitoka kama singo, zikafika namba 29 na 34. Basi.

Kilichouma kilikuja baadaye. Ndani ya albamu kuna The Worst That Could Happen, Davis akiimba kama mtu aliyesikia kwamba mpenzi wake wa zamani anaolewa. Haukutolewa kama singo. Kundi la wazungu la New York, Brooklyn Bridge, likaurekodi, na mwanzoni mwa 1969 ukafika namba 3. Albamu ya The 5th Dimension ikaja kuuzwa upya kwa jina la wimbo huo, yaani wenyewe wakawa wanafuata nyuma ya wimbo walioutangulia kuurekodi.

Na hapo ndipo penye swali gumu. Kwa sababu ya fidla na pop laini, kundi lilisemwa kwamba muziki wake si wa watu weusi vya kutosha. McCoo na Davis, waliooana 1969, wanalieleza hilo kwenye filamu ya Summer of Soul ya 2021, wakitazama picha zao za tamasha la Harlem la mwaka huohuo wa 1969. McCoo machozi yanamlenga. Kwao, kupokewa na Harlem kulikuwa na uzito mkubwa.

Ukweli ni kwamba lawama hiyo haisimami ukiisikiliza The Magic Garden. Okestra ni ya Hollywood, sawa, ila sauti ya Davis ni ya kanisani, na hakuna fidla inayoifunika.

Kwa anayetaka kuijaribu kwenye simu: anza na The Worst That Could Happen, kisha The Girls' Song, wanawake wakishika usukani. Ukizipenda, rudi mwanzo usikilize kwa mpangilio wake bila kurukaruka, maana hadithi itakatika.