Mabati ya Shosho

Msichana anayetaka kufungua studio ya tatuu pale Sagana, akiomba mkopo benki, kuna swali ataulizwa mapema: una hati ya shamba? Akikosa, atarudi kwa chama cha mabeste wake. Hilo swali limekuwa huku tangu miaka ya 1950. Jibu lake pia si la jana.

Juni 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliamua kuwasukuma watu wa Mkoa wa Kati kwenye vijiji vya lazima. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamefungiwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zao za zamani zilichomwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hivyo mzigo wa kujenga upya ukawaangukia wanawake, huku Home Guard wakiwasimamia. Na bado walilazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya.

Wakati huohuo mashamba yakapimwa na kuunganishwa upya. Hati zikaandikwa majina ya wanaume. Kimila, mwanaume alileta miti ya nyumba, mwanamke akaleta nyasi za kuezekea. Sasa ardhi iliyokuwa wazi kwa wote ikawekwa ua, na nyasi zikawa adimu. Kazi ilibaki ya mama, nyasi hakuna.

Miaka ya 1960 wakageukia kitu walichokijua: ngwatio, ile desturi ya kulimiana kwa zamu. Walipalilia na kuchuma kahawa kwa malipo, wakaweka pesa pamoja, wakamnunulia mmoja mabati, kisha mwingine, hadi zamu ziishe. Makundi yenyewe yakaitwa mabati. Paa la bati halihitaji nyasi mpya, na mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye pipa. Safari za mtoni zikapungua. Bila hati, bila benki.

Lakini tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliyekosa mchango hakuwa na zamu. Fukara kabisa alibaki chini ya nyasi zake kuukuu, akitazama paa za wenzake ziking'aa.

Kwa hivyo studio ya kina dada inayoandika mlangoni "karibuni wote" ina swali la kujibu kabla ya kununua hata sindano moja: yule asiye na mchango wa wiki hii, mtamfanyia nini?