Makanga Walikataa Kadi, Wakakubali Simu

Kuna hii stori tunapenda kujipigia kifua nayo: ati Kenya ilianza kuachana na keshi kwa sababu mainjinia fulani walikuwa na akili sana. Mimi naona historia inasema kitu kingine. Pesa ya simu ilishika hapa pale raia walipoigeuza ifanye kazi yao. Ilipokuja kama amri, tuliigomea.

Rudi 2005. Vodafone na Safaricom, wakisaidiwa na pesa ya serikali ya Uingereza, wanajaribu mfumo wa kulipa mikopo midogo ya Faulu kwa simu. Ni hiyo tu. Lakini wateja wa majaribio wakaanza mambo yao. Mtu anaweka pesa kwa ejenti kabla ya safari, anaitoa akifika, ndio asiibiwe njiani. Mwingine anamtumia mtu ambaye hata hana mkopo. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo halikuwa la mikopo tena. Lilikuwa la kutuma pesa nyumbani, kitu ambacho wazazi wetu walifanya kwa kumpa dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu.

Mabenki hayakufurahi. Desemba 2008 John Michuki, ndiye huyo wa sheria za matatu, akiwa kaimu waziri wa fedha aliagiza M-Pesa ikaguliwe. Ikapatikana iko sawa. Na hata hivyo, mamilioni walikuwa washaingia.

Sasa kuja 2014. Serikali inataka matatu ziache kuchukua pesa mkononi, abiria walipe kwa kadi. Google na Equity walikuwa tayari na yao, BebaPay. Kwa karatasi ilikuwa safi: hakuna chenji, hakuna kubishana.

Lakini angalia vile pesa ya matatu hugawanywa. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila siku. Toa hiyo, toa mafuta, toa ya vijana wa steji, toa ya karao, ambayo haijawahi kuwa na risiti. Inayobaki ni ya dereva na makanga, na ndio mshahara wao. Kadi ingepeleka nauli yote kwa akaunti, makanga abaki jioni akingoja kuhesabiwa. Abiria naye anaambiwa aweke pesa kwa kadi mapema, na mvua ikinyesha nauli inapanda. Basi ukitoa kadi unaambiwa mashine imeharibika. Kila siku imeharibika. 2015 BebaPay ikafungwa.

Na leo? Panda gari ya tao, utaambiwa "tuma kwa hii namba." Mara nyingi ni simu ya makanga mwenyewe. Korona ilisukuma, ni kweli. Machi 2020 ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa kwa muda, na nani alitaka kushika noti ya mwingine? Lakini kwangu kubwa ni pesa inaingia kwa nani. Kadi ilimpita makanga, simu iko mfukoni mwake.

Nayasema haya kwa sababu amri zimerudi. 2023 huduma za serikali zilisukumwa kwa namba moja ya malipo, 222222, na shilingi 50 juu. Julai hiyo hiyo eCitizen ikashambuliwa na wadukuzi, watu wakakwama. 2024 wakataka hata karo ya shule ipite huko, korti ikasimamisha. Ushuru kwenye ada ya kutuma nao ulianza 10% mwaka 2013, ukaenda 12, sasa ni 15. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka 20, na nyinyi mnajua vile Juni iliisha.

Siku hizi mama mboga wa hapa kwetu ananiuliza kama niko na keshi. Si ati hana Lipa na M-Pesa. Namba yake imebandikwa hapo kwa ukuta. Anaogopa watu wa ushuru.