Nuru na sauti: Namna ya kumfunza mtoto wa shule ya msingi kwa vifaa vya nyumbani

MTOTO wa darasa la nne akiulizwa ni vipi anavyokiona kitabu kilicho mbele yake, aghalabu hujibu kwamba macho yake huenda hadi kitabuni. Jibu hilo si la kuchekwa. Lugha yenyewe ndiyo imfunzayo hivyo, kwani husemwa kuwa fulani ametupa jicho, kana kwamba jicho hutoa kitu kikaruka na kugusa kinachotazamwa.

Hata baadhi ya wasomi wa Uyunani ya kale, akiwemo Euclid, walishikilia dhana iyo hiyo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra yapata mwaka wa 965, ndiye aliyeeleza kwa hoja na majaribio katika Kitab al-Manazir kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia machoni.

Iwapo wakuu hao walikosea, mtoto naye ana haki ya kukosea kwanza na kujisahihisha kwa kuona. Hiyo ndiyo sababu mada ya nuru na sauti haifai kufunzwa kwa kunakili maelezo ubaoni.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kenya walizikariri fasili ili wafaulu katika mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, humtaka mwanafunzi atende. Hata hivyo, shule isiyo na maabara haina sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa vifaa vinavyohitajika hupatikana jikoni na uani.

Nuru husafiri kwa mstari mnyoofu

Somo lianze na vipande vitatu vya karatasi ngumu vilivyotobolewa tundu katikati. Vikisimamishwa sambamba mbele ya mshumaa, mwanafunzi huuona mwali kupitia matundu yote matatu. Kipande kimoja kikisogezwa kidogo tu, mwali hutoweka. Mtoto hutambua mwenyewe kwamba nuru haikati kona.

Hapo ndipo kivuli kinapoeleweka: ni mahali ambapo nuru imezuiwa. Kioo safi hupitisha nuru, karatasi iliyopakwa mafuta hupitisha kiasi, nao ubao huizuia kabisa.

Kenya ina bahati ya pekee katika somo la vivuli kwa kuwa mstari wa Ikweta hupita nchini. Mjini Nanyuki, kijiti kilichosimama wima hukaribia kukosa kivuli yapata saa sita na nusu mchana mnamo Machi 21 na Septemba 23. Jijini Nairobi, kijiti cha urefu wa mita moja hutoa kivuli cha karibu nusu mita saa hiyo mwezi wa Juni, nacho huelekea kusini. Mwezi wa Desemba kivuli huelekea kaskazini. Darasa linaloweka alama kila mwezi litagundua mwendo wa jua kwa mwaka mzima bila kununua chochote.

Kwa somo la rangi, beseni la maji na kioo cha kujitazamia vinatosha. Kioo kikiegemezwa ndani ya maji juani, rangi za upinde wa mvua hujitokeza ukutani. Nuru hupinda inapoingia majini na inapotoka, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake. Isaac Newton alifanya jaribio la namna hiyo mwaka wa 1666 kwa kipande cha kioo chenye pande tatu, akaonyesha kuwa nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi.

Onyo moja lisisahaulike. Mwanafunzi asilitazame jua moja kwa moja, wala kupitia miwani ya kawaida au kioo kilichofukizwa moshi. Jua lilipopatwa Novemba 3, 2013 na watu wakamiminika Turkana kulitazama, miwani maalumu ilihitajika. Jicho lililoungua ndani halihisi maumivu, na huenda lisipone.

Sauti ni mtetemo

Punje chache za mchele zikiwekwa juu ya ngoma nayo ikapigwa, hurukaruka. Ngoma ikinyamaza, punje hutulia. Hakuna fasili inayoweza kumweleza mtoto kwa uwazi zaidi kwamba sauti huzaliwa na kitu kinachotetemeka.

Nyatiti ya Waluo, yenye nyuzi nane, ni mwalimu mwingine. Uzi uliokazwa au ulio mwembamba hutoa sauti nyembamba. Uliolegea au mnene hutoa sauti nzito. Mahali pasipo na nyatiti, mipira ya kufungia noti iliyovutwa juu ya mkebe itafaa.

Mwalimu atahadhari na maneno hapa. Katika mazungumzo ya kawaida, sauti ya juu huweza kumaanisha sauti yenye kishindo au sauti nyembamba. Mambo hayo mawili ni tofauti. Mbu hutoa sauti nyembamba isiyo na nguvu, ilhali fahali hutoa sauti nzito inayosikika mbali. Kishindo hutegemea ukubwa wa mtetemo. Wembamba hutegemea wepesi wake.

Sauti pia huhitaji njia ya kupitia. Mikebe miwili iliyounganishwa kwa uzi hupitisha minong'ono kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, mradi uzi umekazwa. Hewani sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, majini mita 1,500, na katika chuma zaidi ya mita 5,000. Mwezini, ambako hakuna hewa, mtu angepiga mayowe bila jirani yake kusikia.

Mwendo na hatari ya radi

Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka huonekana likitua kabla ya mlio kusikika. Sababu ni kwamba nuru husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Hata hivyo, nuru ya jua huchukua zaidi ya dakika nane kufika duniani.

Maarifa haya yanaweza kuokoa maisha katika maeneo kama Kisii na Kakamega ambako radi hupiga mara kwa mara. Mwanafunzi ahesabu sekunde kati ya kumulika kwa umeme na ngurumo, kisha agawanye kwa tatu. Sekunde sita ni sawa na kilomita mbili. Ngurumo ikisikika tu, hatari ipo karibu. Aingie ndani ya nyumba imara wala asijikinge chini ya mti.

Mwangwi nao hupimwa kwa hatua. Mwanafunzi apige makofi akielekea ukuta mrefu huku akirudi nyuma. Mwangwi huanza kutofautika na kofi lenyewe akiwa umbali wa mita 17 hivi, kwa kuwa sikio huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kuzitenganisha sauti mbili.

Lugha na mtoto aliye nyuma ya darasa

Kuanzia darasa la nne, sayansi hufunzwa kwa Kiingereza. Mtoto ajuaye vyema mwangwi na kivuli hujipata akikariri maneno mapya kwa mambo ayajuayo tangu utotoni. Mwalimu mwerevu huanza na neno la nyumbani, akamwonyesha kitu chenyewe, ndipo akalileta neno la mtihani.

Somo hili lina faida nyingine isiyoandikwa katika mtaala. Mwalimu anapogonga uma na kuuliza ni nani bado anausikia, au anapoomba wanafunzi wasome herufi kutoka mbali, huweza kumgundua mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri. Wengi wa watoto hao huitwa watukutu au wazito wa akili, kumbe wana usaha masikioni au wanahitaji miwani. Anayeshukiwa kuwa na tatizo asogezwe mbele siku iyo hiyo, na mzazi ashauriwe kumpeleka hospitalini.