Ruzuku ya Mbolea na Mfuko wa Akina Mama



Tunapoadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, ni vizuri tukumbushane habari ya mbolea. Hapa Maposeni mahindi ndiyo chakula na ndiyo hela ya shule. Kwa hiyo kila Serikali ilipotoa ruzuku au kuiondoa, majiko yetu yalijua mapema.

Katikati ya miaka ya sabini Serikali ilihimiza mbegu bora na mbolea. Mbolea iliuzwa kwa bei ya chini, tena bei moja nchi nzima, hivyo mkulima wa Songea hakulipia umbali wa karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Ndipo Ruvuma, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, ikawa ghala la Taifa.

Baadaye mambo yakageuka. Mzigo wa Hazina ulikuwa mkubwa, na wakopeshaji wa nje nao wakabana masharti. Kuanzia mwaka 1991 ruzuku ilipunguzwa kidogo kidogo, na kufikia katikati ya miaka ya tisini ikawa imekwisha. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza 1972, nacho kilisimama mwaka huohuo wa 1991. Sisi tulio mbali na bandari tuliumia zaidi, maana bei sasa ilibeba na nauli.

Msimu wa 2003/2004 ruzuku ilirudi kwa njia ya kusaidia usafirishaji. Msimu wa 2008/2009 zikaenea vocha. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha za ekari moja: mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na mbegu. Kamati ya vocha ya kijiji ilitakiwa iwe na wanawake watatu na wanaume watatu, na kaya zinazoongozwa na wanawake zipewe kipaumbele. Hapo akina mama tulikumbukwa, tuseme kweli.

Lakini vocha ililipia karibu nusu tu ya bei. Nusu ya pili mkulima aitoe mwenyewe, taslimu. Mama asiye na hela mwezi wa Novemba alibaki ameshika karatasi. Sehemu mbalimbali nchini wako waliouza vocha zao kwa bei ya kutupa, na mbolea ikaenda kwa wenye uwezo. Mpango ule ulikoma msimu wa 2013/2014.

Mwaka 2022 bei za mbolea zilipopanda duniani kote, Serikali ilitenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa urea wa kilo 50, uliokuwa umepita shilingi 120,000, ukashushwa hadi kama 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Nafuu kubwa! Lakini hata hizo 70,000 haziokotwi njiani.

Basi historia hii inatufundisha nini? Ruzuku huja na kuondoka, na hata ikija haimsubiri mtu mwenye mikono mitupu. Mahindi tunayauza Julai yakiwa rahisi, mbolea tunaitaka mvua zikikaribia, na katikati hapo hela imeshakwisha. Pengo hilo ndilo kazi ya kikundi. Kwa hiyo naomba mkutano wetu ukubali mgao wa akiba ufanyike Oktoba, kabla ya mvua, badala ya kungoja sikukuu za Desemba. Kitenge kinaweza kusubiri, mahindi hayasubiri.

Haba na haba hujaza kibaba. Hongereni kwa miaka kumi.