Nyaraka za mgonjwa mtandaoni: Makosa madogo yanayochelewesha safari ya India

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

SAFARI ya mgonjwa wa Bukoba au Muleba anayekwenda kutibiwa nchini India huanzia kwenye kompyuta, kabla hajapanda basi, meli wala ndege. Karatasi isiyosomeka, au jina lililoandikwa kwa namna mbili, huweza kumchelewesha mtu ambaye ugonjwa wake hausubiri.

Kumbukumbu za matibabu aghalabu huwa zimetawanyika. Mgonjwa huweza kuanzia Hospitali ya Ndolage au Rubya wilayani Muleba, akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, kisha Bugando jijini Mwanza, ambayo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kuomba nakala ya ripoti ya daktari na majibu ya vipimo kila alikotibiwa.

Nyaraka hizo hutumwa kwanza kwa hospitali ya India. Madaktari wake huzipitia, na wakiridhika hospitali huandika barua ya kumpokea mgonjwa. Picha za CT Scan au MRI zitumwe katika mafaili yake halisi, ambayo huweza kunakiliwa kwenye CD. Filamu iliyoinuliwa dirishani na kupigwa picha kwa simu hupoteza alama ndogo ambazo daktari huzitafuta.

Barua ikipatikana, ombi la viza ya matibabu hujazwa katika tovuti rasmi ya Serikali ya India, indianvisaonline.gov.in. Nyaraka za msingi zinazopakiwa ni tatu: picha ya mwombaji, ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zake, na barua ya hospitali yenye nembo yake. Ukurasa wa pasipoti uwe katika muundo wa PDF, usiozidi kilobaiti 300. Picha iwe ya JPEG, urefu sawa na upana, isiyozidi megabaiti 1.

Hapo ndipo wengi hukwama. Picha ya simu ya kisasa huwa na megabaiti kadhaa, hivyo mfumo huikataa. Ikipunguzwa kupita kiasi, namba za pasipoti hazisomeki. Kuichanganua karatasi kwa skana, kisha kuikagua kwenye kioo kabla ya kuituma, huondoa usumbufu huo.

Kwa wakazi wa Kagera, lipo jambo jingine la kuangaliwa. Jina kama Rwegasira huandikwa pengine Lwegasira, na karani wa hospitali huandika alivyosikia. Barua ya hospitali ifuate herufi za pasipoti, na kosa lolote lirekebishwe kabla ya kulipa, kwani ada ya viza hairudishwi.

Ombi hutakiwa kutumwa angalau siku 4 kabla ya kuwasili, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Viza hiyo humruhusu mgonjwa kukaa siku 60 na kuingia India mara tatu. Wasindikizaji wasiozidi wawili huomba viza zao wenyewe kwa kutumia ombi la mgonjwa.

Aidha, suala la usiri halina budi kuzingatiwa. Wengi hutumia kompyuta za maduka ya stesheni, ambako faili la mgonjwa huweza kubaki na kusomwa na mteja anayefuata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata hivyo, ulinzi wa kwanza umo mikononi mwa mwenye nyaraka: afute mafaili, aondoe yaliyomo kwenye kapu la taka la kompyuta, na afunge barua pepe yake kabla ya kuondoka.

Tiketi ya ndege ni vema ikatwe baada ya mfumo kuonyesha kwamba viza imetolewa. Msafiri huchapisha kibali hicho na kusafiri nacho pamoja na nakala ya barua ya hospitali.